Kuhama bondeni si kukosa imani

Ndugu yangu, umeuliza: kama mvua na upepo viko mikononi mwa Mungu, kuhama bondeni kwa kusikia utabiri wa hali ya hewa si kukosa imani? Na waliosombwa mwaka jana, je, waliadhibiwa?

Naanza na hilo la pili, maana ndilo linaloumiza watu. Usimwambie mfiwa neno hilo kamwe. Rafiki zake Ayubu walimwambia hayo hayo, na mwishowe Mungu akawakasirikia wao. Ayubu mwenyewe hakupewa sababu. Kuanzia sura ya 38 anamiminiwa maswali tu: nani aliifungia bahari milango? Ghala za theluji umewahi kuziingia? Hana jibu, anaweka mkono kinywani.

Sasa kuhama. Yusufu alipojua njaa inakuja, hakukunja mikono. Miaka 7 ya shibe alitenga sehemu moja ya tano ya mavuno. Nuhu naye alipaka safina lami ndani na nje. Ubao mmoja ukivuja, basi. (Nadhani majirani walimcheka.)

Wataalamu nao wana mpaka wao. Mvua ya kesho wanaikadiria vizuri, lakini ukivuka wiki mbili hivi ni kubahatisha, na tetemeko la ardhi hakuna awezaye kulitajia siku. Tena kujua mvua inakuja si kuizuia.

Kwa hiyo hama, kabla giza halijaingia. Tanguliza wazee, watoto, dawa na vyeti. Maombi utayaendeleza huko huko mlimani.