Barua kwa Mwanangu: Riwaya ya Upelelezi Isome Mara Mbili

Mwanangu mpenzi,

Hadithi yako nimeisoma, na swali lako nimeliona: kwa nini wasomaji wanalalamika umewachezea rafu, ilhali mwishoni umefumbua kila fumbo? Na je, kurudi kwenye riwaya za kale za upelelezi kutakufaa, au ni kupoteza muda?

Kutakufaa, ila si kwa usomaji wako wa sasa. Wewe ukishamjua muuaji unakifunga kitabu, unarukia kingine. Rudi ukurasa wa kwanza siku hiyohiyo, penseli mkononi. Mara ya kwanza ulimfuata mpelelezi. Safari hii mfuate mwandishi, uone kila dalili aliiweka wapi na aliifunika kwa kitu gani.

Anza na "Silver Blaze" ya Arthur Conan Doyle, ya mwaka 1892, ni fupi. Farasi wa mashindano ametoweka usiku, mkufunzi wake amekutwa amekufa, na kijana wa zamu zizini alilala fofofo kwa afyuni iliyotiwa katika chakula chake. Kuna mgeni alionekana pale jioni, basi polisi wameshamkamata. Watu wengi humkumbuka mbwa ambaye hakubweka, na kweli ni dalili tamu: aliyeingia hakuwa mgeni kwa mbwa. Mimi naipenda zaidi ile ya chakula. Mapema kabisa tunaambiwa kijakazi alikuwa anampelekea kijana nyama ya kondoo ya mchuzi wa bizari. Unasoma, unapita. Kumbe afyuni ina ladha mtu anayoweza kuitambua, na bizari ndiyo ya kuificha. Sasa huyo mgeni angejuaje, sembuse kuamua, kwamba usiku uleule nyumba ile ipike bizari? Doyle hakuficha kitu. Chakula alikitaja waziwazi, kisha papo hapo akamtoa mgeni gizani amsimamishe kijakazi njiani. Macho yetu yote yakaenda kwa mgeni.

Edgar Allan Poe alikuwa ameshacheza mchezo wa namna hiyo mwaka 1841, katika "The Murders in the Rue Morgue". Mashahidi wa mataifa mbalimbali walisikia sauti ngeni, na kila mmoja anashikilia ilikuwa lugha fulani, lugha ambayo mwenyewe haijui. Zaidi ya hapo sikwambii.

Kisha *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, cha 1960. Maiti inakutwa mzimuni, na mahali penyewe panatosha kumfanya mtu aache kuuliza. Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, na kiko chake, yeye ndiyo kwanza anaanza. Tazama jinsi mwandishi anavyotumia jibu lililo tayari vichwani mwa watu kama pazia.

Utakutana pia na kanuni kumi za Ronald Knox, padri aliyekuwa akiandika riwaya hizi; alizitoa mwaka 1929. Baadhi zisome kwa kucheka, na moja wala haifai kurudiwa leo. Ila ile ya kwanza ishike: mhalifu awe ametajwa mapema. Na ile inayomkataza mpelelezi kuokota dalili bila kumwonyesha msomaji hapohapo.

Maana hapo ndipo ulipoteleza. Binamu muuaji anaibuka kurasa tatu kabla ya mwisho, na ufunguo unaomnasa mpelelezi wako anautia mfukoni kimyakimya. Msomaji angemshukuje? Mlete binamu kwenye karamu ya sura ya kwanza, agombane na mpishi, ufunguo umdondoke katikati ya ugomvi, mpishi auokote amrudishie huku wakizidi kufokeana. Sisi tutausikiliza ugomvi.

Wale mapacha wa sura ya nane watoe kabisa. Na ukishaandika upya, mpe mtu ambaye hajaisoma. Mimi muuaji nimeshamjua.

Mama yako