Mara mbili ya ngapi?
Dada, usiache vidonge vya uzazi wa mpango kwa sababu tu umesoma kwamba “vinaongeza mara mbili” hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Muulize nesi: mara mbili ya ngapi? Uingereza mwaka 1995 walitangaziwa hivyohivyo kuhusu vidonge vipya vya wakati huo, vikilinganishwa na vya zamani. Kumbe ni mwanamke 1 kati ya 7,000 kwa vidonge vya zamani, na 2 kati ya 7,000 kwa vipya! Wengi wakaacha kwa hofu, na mwaka uliofuata utoaji mimba ukaongezeka kwa maelfu. Inaniuma sana hiyo, maana mimba yenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge. Ila mguu mmoja ukivimba na kuuma, wahi hospitali siku hiyohiyo.