Fundi Nijibu: Tairi za Harrier kabla ya safari ya Moshi

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kimara. Tuna Harrier ya 2005, ni 4WD (inavuta tairi zote nne), tairi zake zimeandikwa 225/65R17. Desemba tunaenda Moshi kwa wakwe kama kila mwaka, sasa juzi trafiki kanisimamisha akainama mbele ya gari akaniambia mama hizi ni vipara, tena zimeliwa upande wa ndani. Mume wangu anataka tununue mbili tu za mtumba, anasema ni za Japani orijino na kashata (yale meno ya juu ya tairi) bado zimejaa. Mdogo wangu anasema tuchukue nne mpya za Kichina. Fundi wetu wa pancha naye anasema tuweke zile za meno makubwa maana kule kwa wakwe ni vumbi na mvua ikinyesha ni utelezi. Nimsikilize nani? (Mama Watatu, Kimara)

JIBU: Mama Watatu, msikilize mdogo wako, ila usiende dukani kesho. Ngoja kwanza nikueleze, maana hilo neno "zimeliwa upande wa ndani" ndo limenifanya niache barua zingine zote nianze na yako.

Tairi ikiliwa upande mmoja tatizo sio tairi, ni gari. Ama alaimenti (yani tairi kukaa zimenyooka) imekwenda, ama bushi (raba za viungo vya chini) za mbele zimechoka, na kwa barabara zetu na hayo matuta bushi kuchoka wala sio ajabu. Ukifunga mpya juu ya ugonjwa huo huo ikifika Pasaka zishaliwa na utarudi kuniambia za Kichina mbovu. Kwahiyo kwanza gereji, gari ipandishwe juu, fundi atikise tairi kwa mikono miwili juu na chini, kisha kushoto na kulia, ikicheza kuna kitu kimelegea, kibadilishwe. Alafu unafunga tairi, alafu ndo alaimenti, sio kinyume. Siku nyingine ukitaka kujua mwenyewe bila fundi piga magoti tu uangalie, zikiliwa pembeni kote kuwili ulikuwa unatembea na upepo mdogo, zikiliwa katikati upepo ulizidi, na zikiwa na mabondebonde ukipitisha kiganja hapo shuku shokapu.

Sasa mzee, yani mume wako. Simlaumu, nami nilikuwa hivyo hivyo. 2017 nilinunua seti nzima ya mtumba, zimepakwa dawa nyeusi zinang'aa kama viatu vya harusi, kashata ukiingiza kidole kinazama, nikajiona mjanja kweli. Nimepita Mombo naelekea Same, saa nane mchana, lile jua la pale mnalijua, nikaanza kusikia kama mtu anagonga bodi na kiganja, pa pa pa pa. Nikasema labda mfuko umenasa chini. Nikaenda na huo ujinga kama kilomita mbili hivi, ghafla buuu, stelingi ikavuta kulia nikaishikilia kwa nguvu zote, nashukuru Mungu hakukuwa na basi linakuja. Kushuka naangalia, kashata yote imebanduka kama ganda la muwa, imetandika ile plastiki ya ndani ya madigadi mpaka imepasuka na waya zinaning'inia nje. Nikafuta vumbi na kanga ya mke wangu (na hilo nalo lilikuwa kesi) nikasoma namba ambayo ningeisoma dukani: 3608. Wiki ya 36, mwaka 2008. Miaka tisa! Nikaishusha spea, nayo haina upepo, sikuwahi kuigusa tangu ninunue gari.

Hiyo namba ndo kitu cha kwanza mama, kabla hujauliza jina la kampuni. Tairi nyingi zina maandishi DOT, yanafuatwa na herufi na namba, na mwisho kuna tarakimu 4. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwahiyo 2324 ni wiki ya 23 ya 2024. Mara nyingi iko upande mmoja tu wa tairi, usipoiona mwambie aigeuze, na muuzaji akianza kukwambia hiyo ni namba ya kiwanda tu haina maana, we toka. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo, unakauka na zile tabaka za ndani zinaachana taratibu, joto na mwendo vinakuja kumalizia. Watengenezaji wengi wanasema ikishatumika miaka 5 ichunguzwe kila mwaka, na ikifika 10 toa hata kama kashata zipo, na spea ni hivyo hivyo. Mimi kwa joto letu sifiki huko, miaka 6 nikiiona naanza kutafuta hela.

Alafu hizo za mtumba "orijino Japani" zina mtego mwingine ambao watu hawausemi. Japani kuna theluji, na gari nyingi zinavaa tairi za baridi. Ukiona pembeni pameandikwa STUDLESS, au jina kama Blizzak au iceGUARD, au kamchoro ka mlima kenye kitu kama nyota ya theluji ndani yake, na kashata ina michirizi mingi myembamba myembamba kama imechanjwa na wembe, hiyo ni tairi ya theluji. Ni tairi nzuri sana huko kwao, mpira wake umetengenezwa ubaki laini kukiwa na baridi, chini ya nyuzi 7 hivi. Sasa ipeleke Same mchana. Inalainika, inaliwa haraka, gari inakuwa kama imepanda juu ya jeli ukikata kona. Na wengi wenu mlioagiza gari mkaipokea bandarini hamjawahi hata kuangalia ilikuja na tairi gani, nendeni mkaangalie leo.

Na kuhusu kununua mbili, kwa gari yako hapana. 4WD inataka zote nne zilingane, maana tairi mpya ni nene kuliko iliyoisha, kwahiyo za mbele na za nyuma zinazunguka tofauti na ule mfumo wa kugawa nguvu katikati unabaki unapambana muda wote, hata kwenye lami iliyonyooka. Unachemka, na vipuri vyake sio bei ya tairi mbili. Nne, aina moja, kashata moja.

Fundi wa pancha na meno makubwa yake... ngoja nihesabu. Kimara mpaka Moshi ni kama kilomita 550 za lami. Huko kwa wakwe vumbi ni ngapi, 10? 15? Sasa unanunua tairi kwa ajili ya zile 15 uje uteseke 550, kwenda na kurudi, na mwaka mzima unapeleka watoto shule kwenye lami? Zile zenye A/T (za lami na vumbi) zina makelele, zinakula mafuta, na nyingi breki yake kwenye lami yenye maji inakuwa ndefu. M/T (za matope) hata usiniulize, hizo ni za watu wa porini. Gari ya familia chukua H/T, hizi zimetengenezwa kwa SUV za barabarani, na huo utelezi wa kijijini ukienda taratibu na kashata ikiwa mpya unapanda. Ukishindwa acha gari chini kwa jirani, wakwe watakuja kubeba mizigo, ndo kazi yao Desemba.

Sasa dukani. Saizi ni ile ile 225/65R17. Pembeni yake kuna namba nyingine, mfano 102H, 102 maana yake tairi moja inabeba kilo 850, H ni spidi mpaka 210. Ukipewa 98 ni kilo 750, utaambiwa "zinalingana tu mama", hazilingani. Usishuke chini ya ile iliyokuja na gari, mna watoto watatu na magunia ya mchele juu. Kama ina maandishi TEMPERATURE angalia herufi inayofuata, A inavumilia joto kuliko B na C, hapo nakubembeleza chukua A.

Jina la kampuni linakuja mwisho. Hela ikitosha Bridgestone, Yokohama, Michelin, hutajuta, na ukweli usemwe tofauti yao na za bei rahisi unaiona zaidi siku ya mvua ukikanyaga breki, sio siku ya jua. Lakini ya Kichina yenye tarehe ya mwaka huu na namba ya mzigo sahihi, mimi naifunga kwenye gari ya mama yangu mzazi kabla sijafunga ya Japani iliyozeeka. Wakifunga waweke valvu mpya, wafanye balansi, nati zikazwe kwa kurukaruka kama nyota sio kwa kuzunguka, na ukishatembea kilomita 50 au 100 zikazwe tena kwa mkono. Usisafiri nazo siku hiyo hiyo. Zinunue mapema Novemba, zitembee mjini, kama kuna kasoro ujue ukiwa Kimara sio Korogwe.

Upepo. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika. Ya Kijapani haikupi PSI ulizozoea, inakupa kPa, ukiona 220 ni kama 32, ukiona 240 ni kama 35. Ndo hiyo, sio ile ya kijana wa sheli "niweke 40 bosi safari ndefu?" Pima asubuhi gari haijatembea. Ukisimama Segera kula ukapima utakuta imepanda, ni joto tu hilo, usipunguze, kuna watu wanapunguza alafu kesho asubuhi tairi zimelala. Na spea, mama. Spea.

SWALI: Oya fundi, nina RAV4 ya 2008 inavaa 215/70R16. Nataka nipige 235/70R16 A/T ikae juu kibabe. Kuna noma? (Kijana wa Arusha)

JIBU: Noma ndogo ndogo nyingi. Kipenyo kinaongezeka milimita 28, gari inapanda nusu yake, yani milimita 14, hata sentimita mbili hazifiki, washkaji hawataona labda uwaambie. Ila spidi mita itakudanganya karibu asilimia 4, yani yenyewe inasema 50 wewe unakimbia 52, inasema 80 wewe uko 83, na tochi haijui kama umebadilisha tairi. Ukikata stelingi mpaka mwisho inaweza kukwangua plastiki za ndani, gari inakuwa nzito kuondoka, na mafuta yanapanda. Kama kweli unaingia porini mara kwa mara tafuta A/T ya saizi yako ile ile 215/70R16, utakuwa na meno bila hayo matatizo. Kama ni picha tu, osha gari.

Na kwa faida ya wale wa upande wa pili, mnaotaka rimu za 20 kwenye Harrier: tairi ya 225/65R17 ukuta wake ni milimita 146, ukienda 245/45R20 unabaki na 110. Shimo lile lile ambalo jana lilikuwa linapiga mpira, sasa linapiga rimu.

SWALI: Fundi, kuna sehemu wananiambia niweke nitrojeni badala ya upepo wa kawaida, ati tairi haipasuki. Ni kweli au wananila hela? (Baba wa Dodoma)

JIBU: Huo upepo wa bure unaojaziwa kila siku ni nitrojeni asilimia 78 mzee wangu, kwahiyo unalipia hiyo iliyobaki. Haina madhara, inapungua taratibu kidogo, na haina unyevu wala haichochei moto, ndo maana ndege wanatumia. Ila haizuii pancha, haizuii tairi iliyozeeka kupasuka, na watu wakishawekewa wanaacha kupima miezi sita wakijua wana kitu spesho. Hiyo hela nunua geji yako ndogo ya kupimia, weka kwenye dashibodi.

SWALI: Mimi gari yangu X-Trail 2WD, inavuta mbele. Hela ninayo ya tairi mbili tu kwa sasa. Nifunge mbele au nyuma? Mafundi watatu majibu matatu. (Dada wa Mwanza)

JIBU: Nyuma dada, najua mmoja kati ya hao watatu atabisha. Hoja yao ni kwamba za mbele ndo zinavuta na zinaisha haraka, na ni kweli. Lakini kwenye mvua za mbele zikiteleza gari inanyooka, unaachia mafuta unapunguza mwendo unarudi. Za nyuma zikiteleza gari inazunguka, na hapo dereva wa kawaida kama mimi na wewe hatuna la kufanya. Kwahiyo mpya ziende nyuma, zile nzuri kidogo za nyuma zihamie mbele, na zile zilizokuwa mbele usizifanye spea. Ukiona ufito wa TWI (alama ya tairi kuisha), kale kadaraja kadogo ndani ya mfereji wa kashata, kamelingana na kashata yenyewe basi imebaki milimita 1.6, hiyo sio spea, hiyo watoto wafanye bembea.