Shangazi, ninunue kompyuta mpya ya gemu kabla mtoto hajazaliwa?

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, naishi Mbagala, nafanya kazi ya zamu kiwandani. Kompyuta yangu ya gemu ina prosesa ya Ryzen 5 2600 kwenye mazabodi (bodi kuu) ya B450, kadi ya picha ya GTX 1060 yenye GB 6, RAM (kumbukumbu ya muda) moja ya GB 8 na monita ya 60Hz. Wenzangu ninaocheza nao wamenunua mpya wote. Yangu inakwamakwama, na nataka iwe tayari kwa gemu mpya ya GTA VI. Nimeweka akiba ya shilingi 2,400,000. Muuzaji anasema nibadilishe kila kitu. Mke wangu ana mimba ya miezi sita na hajui kuhusu fedha hizi. Nafikiria kumtajia nusu ya bei. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lililonikosesha raha. Usimtajie nusu ya bei. Siku moja ataona risiti, au rafiki yako ataropoka mkiwa mmekaa, na kuanzia hapo kila hela utakayomtajia ataitilia shaka, tena wakati mna mtoto mchanga ndani. Mwambie kiasi chote ulichonacho, kisha mkigawe pamoja. Mimi ningetenga 1,500,000 ya kujifungua na miezi ya mwanzo ya mtoto, 300,000 ya dharura, na 600,000 iwe ya kompyuta. Hiyo ya kompyuta itaje bila kuona haya. Unatoka zamu umechoka, unakaa na wenzako saa mbili mnacheza na kucheka. Hayo ni mapumziko halali, na sioni kwa nini uyapate kwa kujificha.

Kuhusu GTA VI, tulia kabisa. Trela ya kwanza ilipotoka Desemba 2023, watengenezaji wake, Rockstar, walitaja konsoli za PlayStation 5 na Xbox Series tu. Na hiyo ndiyo kawaida yao: GTA V ilifika kwenye konsoli Septemba 2013, wenye kompyuta wakaipata Aprili 2015. Gemu yao nyingine, Red Dead Redemption 2, nayo ilitoka Oktoba 2018, ikaja kwenye kompyuta Novemba 2019. Ukinunua kadi ya picha leo kwa ajili ya gemu ambayo mahitaji yake kwenye kompyuta hayajatangazwa, unabahatisha kwa hela ya mtoto. Subiri itoke, usome inataka nini, ndipo ufungue pochi.

Turudi kwenye gemu unazocheza sasa. Hukuniambia inakwama vipi, na hapo ndipo penye jibu la swali lako lote. Ikiwa wachezaji wenzako wanarukaruka kwenye kioo lakini picha yenyewe ni laini, tatizo ni intaneti, na hakuna kadi itakayolitibu. Ikiwa picha ndiyo inayoganda, fungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kila kifaa kinafanya kazi kiasi gani, gemu ikiendelea na utazame. Kadi ikiwa inafanya kazi kwa asilimia 97 au zaidi muda wote, kadi ndiyo imefika mwisho. Ikiwa iko kwenye 50 au 60 huku picha inaganda, kinachokubana mara nyingi ni prosesa au RAM, na kadi mpya ya bei kubwa itakaa pale ikisubiri. Usidanganyike na asilimia ya jumla ya prosesa, kwa sababu kiini chake kimoja kinaweza kuwa kimeelemewa huku vingine vimepumzika.

Kwa maelezo yako, mimi naishuku RAM kwanza. GB 8 ni ndogo kwa gemu nyingi za sasa, na ikijaa kompyuta huanza kukopa nafasi kwenye diski. Hapo ndipo mkwamo unapotokea. Halafu unayo moja, kwa hiyo inapita njia moja wakati mazabodi yako ina mbili. Tafuta ya pili ya DDR4, aina inayoingia kwenye mazabodi yako, yenye GB na kasi ileile. Tangu mwisho wa 2025 bei za RAM zimepanda duniani kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinazinyakua, kwa hiyo ya mtumba iliyo nzima haina ubaya wowote. Ukishaichomeka, ingia BIOS (mipangilio ya ndani ya mazabodi) uwashe XMP, inayoipa RAM kasi yake kamili, maana bila hivyo RAM iliyoandikwa kasi ya 3200 inaweza kukimbia kwa 2133 tu. Safisha na vumbi, ubadilishe pasta ya kupoza prosesa kama haijaguswa miaka mingi.

Ikibaki hela na bado inakwama, prosesa ya Ryzen 5 5600 inaingia kwenye mazabodi yako hiyohiyo. Sasisha BIOS kabla hujang'oa ya zamani, la sivyo kompyuta inaweza isiwake. Muuzaji wako hakukueleza hili. Anachokuuzia yeye, jukwaa la AM5 (kizazi kipya cha mazabodi na prosesa), kinakulazimisha ununue mazabodi, prosesa na RAM ya DDR5 kwa pamoja.

Kadi iwe ya mwisho. Monita yako inaonyesha fremu 60 kwa sekunde. Gemu zako zikishikilia 60 bila kuyumba, kadi kubwa haitakuongezea fremu hata moja utakayoiona. Wenzako kuwa na monita za fremu 144 hakukutoi kwenye kikundi.

Siku ukifika huko, hata mwakani, kadi ya RX 6600 ya mtumba ingekutosha, na haili umeme mwingi. Ila usilipe kwa kuiona imewaka tu. Mwombe muuzaji aifungulie gemu nzito kwa nusu saa, usikilize feni, utazame joto na madoa kwenye picha. Akikataa, ondoka na hela yako.