Barua kwa mwanangu: Miaka minne na protini moja

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, ila goti la baba yako linamsumbua tangu mvua zianze. Ujumbe wako wa Jumamosi usiku nimeusoma mara tatu: "Mama, miaka minne nimekaa na protini moja. Wenzangu wana kazi, wana watoto, wanajenga. Mimi bado nasubiri ruzuku ya utafiti. Niache?" Sikutaka kulijibu jambo zito namna hii kwa mistari miwili ya simu.

Unajua kazi niliyoifanya maabara mpaka nikastaafu. Kipimo cha selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, nimekifanya hata usingizini ningekiweza: tone la damu kwenye kioo, tone la sodiamu metabisalfaiti la kuondoa oksijeni, unafunika, unasubiri, kisha hadubini. Chembe nyekundu zilizokuwa mviringo zinaanza kujipinda, zinachongoka kama mundu. Nje kwenye benchi kuna mama amempakata mtoto, vidole vya mtoto vimevimba. Mimi niliandika "chanya" nikampa karatasi. Na kipimo chenyewe hakikuweza hata kutofautisha mgonjwa na yule aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa kitu. Kwa nini chembe zinajipinda? Hilo nililipata kwenye vitabu, na aliyelifumbua alikuwa mtu wa fani yako, mchunguzi wa protini.

Jina lake Vernon Ingram. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1924, familia yake ikakimbilia Uingereza kuwaepuka Wanazi. Wakati wa vita alishinda kiwanda cha dawa mchana, usiku akasoma Chuo cha Birkbeck, London. Shahada ya uzamivu aliipata 1949. Akaenda New York, akaenda Yale, na mwaka 1952 akaingia Cambridge, alipokuwa mwanasayansi Max Perutz. Huyo Perutz, mama, alianza kuichunguza himoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, mwaka 1937, na umbo lake hakuliona mpaka 1959. Piga hesabu hiyo kabla hujaniambia tena habari za miaka minne.

Mkemia wa Marekani, Linus Pauling, na wenzake walikuwa wameshaonyesha, mwaka 1949, kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu inakwenda tofauti na ya kawaida ikipitishiwa umeme. Tofauti ipo, lakini imekaa wapi? Sampuli ya kuchunguza ilifika Cambridge kwa mkono wa Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Ndiye yule aliyepima damu za watu wa Kenya mwaka 1949, akakuta wanaobeba selimundu ni wengi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, nyanda za juu wachache. Mwaka 1954 akaeleza kuwa kuirithi kwa mzazi mmoja humkinga mtu na malaria.

Ingram aliikatakata himoglobini ile kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, ikatoa vipande kama 30. Akavitandaza kwenye karatasi, kwanza kwa umeme, halafu akaigeuza karatasi na kuvisukuma kwa kimiminika, mwisho akavipaka dawa ya kuvitia rangi. Karatasi mbili, ya mzima na ya mgonjwa, zimejaa madoa yanayofanana. Doa moja tu limehama. Alipolifuata akakuta asidi amino moja, yaani kiungo kimoja cha protini, imebadilika, ile tunayoijua leo kuwa ya sita kati ya 146 za mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo ya himoglobini: palipokuwa na asidi ya glutamiki pamekaa valini. Hayo aliyachapisha 1956 na 1957. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikamkumbuka yule mtoto wa kwenye benchi. Maumivu yote yale kwa sababu ya kiungo kimoja!

Lakini sitakudanganya. Doa lile halikumponya mtu mwaka ule wala miaka kumi baadaye. Haidroksiyurea, dawa mnayoijua nyote, iliidhinishwa Marekani kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Ingram alihamia MIT, chuo cha Marekani, mwaka 1958, akabaki huko hadi alipofariki 2006, na uzeeni alikuwa akihangaika na protini za ugonjwa wa Alzheimer.

Kwa hiyo sikuambii uvumilie kwa kuwa yeye alivumilia. Nakuuliza hivi: ukiingia maabara asubuhi, bado unatamani kujua kwa nini protini yako inajikunja vibaya? Kama bado, basi tatizo lako ni pesa, na pesa tunazungumza kama familia. Kodi ya vyumba viwili vya nyuma itakwenda kwako mpaka mwezi wa sita. Baba yako amekubali kabla sijamaliza kumweleza. Nyumba za wenzako ziache, hazijakuuliza kitu. Ila kama hamu imekwisha, na siyo kwamba umechoka tu, rudi nyumbani. Hospitali zetu zina mashine zinazokosa mtu wa kuzielewa, na mimi nitakuja kukupokea kwa furaha ileile niliyokusindikiza nayo.

Lala kwanza siku mbili, halafu unijibu. Na ile picha ya jeli ya maabara uliyosema imeharibika wiki iliyopita, usiifute. Nitumie niitazame kwa macho yangu.

Mama yako