Yaya, huko misheni unaombaga sana?

Mdogo wangu wa korali, wewe unayeniita yaya, yaani mkubwa wako, odio yako ya WhatsApp niliisikilizia ndani ya taxi-be, basi dogo la huku, nimebanwa kati ya mama mwenye kuku na dirisha lisilofunga, nikacheka peke yangu watu wakaniangalia. Umeniuliza bila kuzunguka: nalipwa ngapi huku Madagaska, kama naombaga zaidi kuliko nilivyokuwa kwetu Goma, Kongo, na kama na wewe uanze kutafuta njia. Wengine kule Ndosho, mtaa wa Goma, wanataka kuuliza hayo hayo ila wanaanza na salamu za mvua, basi jibu ni lenu wote.

Ya pesa nimalize haraka. Silipwi. Nalishwa, nina kitanda, napata kidogo ya sabuni na mega za intaneti, njo basi. Wanaosema "yaya yuko nje atume dola" wanisamehe, hata viatu ni vile vile vya soko la Birere kule Goma, fundi wa hapa ameshavishona mara mbili.

Ya maombi sasa. Mwaka wa kwanza nimeomba kidogo kuliko wakati wowote tangu niokoke, najua hukutaka kusikia hivo. Siku ya kuniaga mlifunga kavu siku tatu, mkaniwekea mikono, mama mmoja akatoa unabii ati nitatikisa mataifa. Nikafika Antananarivo mwezi wa saba, mji uko juu ya vilima, kimo karibu kama kwetu, lakini Julai yao ni ya kugonganisha meno, na aliyetikisika ni mi.

Shida lugha. Mnanijua, nipe maikro dakika kumi kanisa lote limesimama. Huku Kifaransa kinakusaidia ofisini na kwenye duka kubwa, ila maombi ni Kimalagasi. Mwanzoni nilijidanganya itakuwa rahisi juu nilisikia ng'ombe ni omby, kuku ni akoho, kanga ni akanga, nikasema hii si Kiswahili kimevuka bahari tu? Kumbe yaliyovuka ni majina ya wanyama na mengine machache tu. Sentensi yao inaanza na kitendo, mwenye kutenda anakuja mwisho kabisa, unasikia ameiba, ameiba kuku, unangoja tu ujue ni nani. Jumapili moja wakaniomba niombe, nikasimama, nikasema "Andriamanitra ô", yaani Ee Mungu, halafu kimya. Watoto wakaanza kucheka. Nikakaa.

Usiku ule nililala macho wazi. Bila yale maneno yangu sikuwa na kitu cha kumwambia Mungu, hata kimoja. Miaka yote Goma nilikuwa naomba huku nasikiliza sauti yangu mwenyewe na kuhesabu nani amesema amina kwa nguvu.

Sasa mtu asiyejua kuongea anapelekwa wapi? Jikoni. Huku ni wali asubuhi, mchana na jioni (asikudanganye mtu, wali si chakula cha kushiba, nimeota bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo mpaka nikaamka natafuna). Kwetu ukoko tunausugua kwa jivu tukilalamika. Huku bibi wa jikoni anaumwagia maji sufuria ikiwa bado ya moto, inachemka, yanatoka maji ya rangi ya chai nyepesi yenye harufu ya kuungua kidogo, njo kinywaji cha mezani, wanaita ranovola. Bibi hajui Kifaransa, mi sikujua chake, tukafanya kazi miezi kwa mikono na macho. Kila asubuhi kabla ya kufunua kifuniko anasimama, anafumba macho, midomo haichezi, mvuke unampiga usoni, halafu anafunua na kazi inaendelea. Sijui nilianza lini kusimama naye. Hakuna aliyenifundisha.

Kuna kilima wanaita Ambohipotsy, nilipelekwa pale. Wamisionari wa kwanza kutoka London walifika kisiwa hiki 1818, Biblia nzima ya Kimalagasi ikachapwa 1835, mwaka ule ule malkia Ranavalona I akapiga Ukristo marufuku, na mwaka uliofuata wamisionari wa mwisho wakaondoka. 1837 mwanamke mmoja Mkristo, Rasalama, akapelekwa kule kilimani akiimba njiani, wakamuua kwa mikuki. Malkia alikufa 1861, wamisionari waliporudi wakakuta waumini wameongezeka. Miaka 25 hakuna misionari! Mi nilikuwa nimevaa beji shingoni imeandikwa misionari, nikaiingiza polepole ndani ya shati.

Halafu ikaja Januari 2025, vita ikaingia Goma. Simu ya mama siku nne hakuna. Huku mvua inanyesha, umeme umekatika, najaribu kuomba ile ya kwetu, ya kukemea na kupiga mguu chini, sauti inagoma. Bibi akaingia na mshumaa, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanishikisha kikombe cha ranovola, akabaki pale mpaka kukakucha bila neno moja. Siku ya tano mama akapiga kwa simu ya jirani, akasema "tuko", alafu "mayi haina", yaani maji hakuna, ikakatika. Sikupiga haleluya. Nililala saa kumi na mbili mfululizo.

Kama nimekua kiroho sijui, waulize tunaokaa nao nyumba moja, maana bado tunagombana juu ya sukari, na kuna mwenzetu anapiga watoto picha kila siku za kutuma kwa wafadhili, namchukia kabisa na Jumapili nashiriki naye meza ya Bwana.

Kuhusu wewe kutafuta njia: kama ni juu Goma imekuwa nzito, mwambie Mungu hivo hivo na mama yako pia, usiite mwito. Mi nusu yangu ilikuwa hiyo na nilijificha nyuma ya unabii wa yule mama.

Na ukisikia mtu anakuja huku, mpe sambaza kavu za Kituku, soko la kando ya ziwa kule Goma, azifunge plastiki mbili. Nimemwambia bibi kwetu tunakula samaki mdogo kama kidole, na kichwa na macho yake, haamini.