Ukijenga Lubumbashi, soma herufi za mfuko wa saruji

Wengi wakifika dukani huuliza tu: 32.5 au 42.5? Namba hiyo ni nguvu ya saruji baada ya siku 28. Haikuambii kama msingi utavumilia salfeti, yaani chumvi za salfa, na sisi tunaishi juu ya madini. Mawe ya shaba yenye salfa yakipata hewa na mvua hutoa asidi na salfeti, na vyote huteremka na maji.

Salfeti ikipenya kwenye zege hukutana na aluminati ya kalsiamu iliyomo kwenye saruji, kwa kifupi C3A, na kuzaa fuwele zinazovimba ndani. Nimewahi kukwangua kwa msumari kona ya shimo la maji machafu iliyoliwa hivyo. Juu palikuwa na unga mweupe. Chini yake zege lilimenyeka ganda kwa ganda, hadi kokoto zikadondoka kiganjani. Nondo zilikuwa zimebaki wazi.

Kwa hiyo mimi natazama herufi. CEM I, yaani saruji tupu isiyochanganywa, yenye alama SR3 ya kuhimili salfeti, ina C3A isiyozidi 3% kwenye klinka yake, yale mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji; SR5 isiyozidi 5%. Ukiipata, chukua. Usipoipata, tafuta saruji iliyochanganywa yenye herufi P, pozolana ya asili, mara nyingi majivu ya volkano. V, majivu ya makaa ya mawe. Au S, slagi (mabaki ya kuyeyusha madini) ya tanuru la chuma, ambayo saruji ya aina ya CEM III/B inayo 66 hadi 80%. Viungo hivi hula chokaa huru inayobaki saruji ikishika, huigeuza kuwa gundi na kuziba vitundu. L ni jiwe la chokaa lililosagwa: hupunguza gharama, lakini haizuii salfeti. Na ndugu zangu, slagi ya kile kilima cheusi chetu cha mabaki ya kiwanda ni ya shaba, si ile S ya chuma. Fundi akitaka kuisaga achanganye na saruji, mkatalie.

Maji ndipo kazi nyingi huharibikia. Mfuko wa kilo 50 usizidishe lita 22, ukihesabu na unyevu wa mchanga. Zege likiwa zito, fundi atalalamika, simama hapohapo. Pozolana hukomaa polepole, kwa hiyo mwagilia wiki mbili, hasa kiangazi upepo ukivuma.

Karibu na mgodi au kiwanda, pima kwanza maji ya kisima maabara. Salfeti ikifika miligramu 200 kwa lita, chagua saruji kwa makini. Ikivuka 3,000, paka msingi lami nje pia. Asidi yenyewe hakuna saruji ya kawaida inayoihimili. Hapo ama uweke kinga kamili, ama utafute kiwanja kingine.